Kopo la Delmar Halipimwi

Katika bonde la Sorrel, mwulize mtu yeyote ni nani amkatie maganda yake ya risasi, naye atakuelekeza gereji ya Delmar Kvale bila hata kukuangalia usoni. Kisha ataongeza maneno ambayo watu wa bondeni wameyazoea kama salamu: kopo la Delmar halipimwi. Maana yake, ukishampelekea maganda yako ndani ya kopo la kahawa, akayakata na kukurudishia, huna haja ya kushika kipimo na kuyakagua tena. Yeye ameshapima. Ukipima juu yake ni sawa na mtu kukupa mkono wa heri, nawe ukaanza kumhesabia vidole.

Huko Montana, jimbo la milima la Marekani, risasi za dukani zipo, na watu wana uwezo wa kuzinunua, lakini mwindaji anayejiheshimu hazinunui. Akishapiga, huokota ganda la shaba, hulisafisha, hulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, na ganda lile lile huenda na kurudi hata mara kumi. Tatizo la shaba ni kwamba hurefuka. Kila moto unapowaka ndani yake husogea mbele kidogo sana, kiasi cha kucha kukua kwa siku mbili. Ukiliachia, iko siku mdomo wa ganda utabanwa pale njia ya bunduki inapoanza kuwa nyembamba, nao utakikaba kichwa cha risasi. Baruti ikiwaka hapo haina pa kupitia mbele. Inarudi nyuma, na nyuma ndiko uliko uso wa mpigaji. Labda mara kumi kisitokee kitu. Ya kumi na moja ndiyo watu huisimulia miaka ishirini.

Kwa hiyo maganda hukatwa. Na ipo sheria nyingine, haikuandikwa popote wala haivunjwi: mtu hapigi risasi aliyoijaza mwenzake. Jirani atakukatia maganda, atakuazima farasi, atakuazima hata bunduki yenyewe, lakini risasi zake hakupi na wewe huziombi, kwa sababu ganda likishafungwa hakuna ajuaye kilichomo ila aliyemimina. Delmar na mkewe Ione wameoana miaka arobaini na sita, wanajuana hadi ndoto, na bado kila mmoja ana kisanduku chake cha risasi na rafu yake.

Delmar mwenyewe alikuwa mnoa misumeno. Miaka thelathini na moja alinoa misumeno ya kiwanda cha mbao, ile mirefu kama mikanda inayopasua msonobari mzima kwa kupita mara moja. Kiwanda kilipofungwa, misumeno iliuzwa chuma chakavu, na Delmar akapewa drili moja ya mezani badala ya karamu ya kuagwa. Aliondoka pale na masikio mabovu, vidole vizuri, na kiburi cha kutosha familia mbili. Siku hizo alikata maganda kwa kikatio cha mkono, kile cha kuzungusha kama kinu cha kahawa, moja moja, na aliwacheka wanaotumia umeme. "Mashine haina vidole," alikuwa akisema, na ile drili ikakaa pembeni ikila vumbi.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Daktari alimwambia si ugonjwa wa kuua, ni mtetemeko wa kurithi, bila shaka hata baba yake alikuwa nao. Delmar akajibu kwamba baba yake alikuwa mhubiri, mikono ya nini. Majira ya baridi ya kwanza hakumwambia mtu. Alijifungia gerejini akizungusha kile kikatio, ganda likicheza, mdomo ukitoka upande upande, na maganda arobaini ya shaba nzuri akayatupa kwenye pipa. Ione aliyaona pipani.  Aliifuta vumbi ile drili, akaiburuta mwenyewe hadi dirishani, akaichomeka kwenye umeme, akarudi jikoni kwake.

Ilimchukua Delmar mwezi mzima kuelewana nayo. Alitengeneza kishikio cha kubana kitako cha ganda ili lisimame wima. Juu yake, kwenye taya za drili, akafunga kikatio cha meno manne chenye kijiti katikati. Kijiti huingia ndani ya mdomo wa ganda na kulishika lisiyumbe, meno yanakula ukingo. Swichi akaiweka chini, ya kukanyaga. Na ubavuni mwa drili ipo nati ya kuzuia: ukiifunga mahali, drili haishuki zaidi ya hapo hata uiangukie. Unakata ganda la kwanza, unalipima, unairekebisha nati mpaka urefu ukubali, basi mia yanayofuata yatakuwa ndugu wa tumbo moja. Baada ya hapo ni kuyasugua midomo kwenye mota ndogo yenye brashi, ndani na nje, yasiwe na makali.

Lakini kilichomfanya akae kwenye kiti ni jambo jingine. Mkono wake ulipoushika mpini wa drili na kuusukuma chini, haukutetemeka. Ulitetemeka ukiwa mtupu, ukishika kijiko, ukishika kalamu. Ukipewa kitu cha kusukuma, ulitulia. Siku ile alikata maganda yote yaliyokuwamo nyumbani, hata yasiyohitaji kukatwa, na jioni akala pai vipande vitatu.

Tangu hapo akawa mkataji wa bonde zima. Kila Septemba makopo huanza kuingia, kila moja na jina la mwenyewe na saizi ya ganda kwenye kipande cha plasta. Pesa hachukui. Watu huleta jemu, viazi, kuni zilizokwisha kupasuliwa, na siku moja mtu alileta mbuzi ambaye Ione alimrudisha kesho yake. Delmar alisema kazi hiyo ni ya kupitisha muda. Mwongo. Ndiyo iliyomfanya avae shati safi asubuhi.

Sasa, mwaka huo, msimu wa elki ulikuwa unafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Elki ni kulungu mkubwa wa huko; mmoja ana nyama karibu ya nusu ya ng'ombe, ndiye anayezivusha nyumba nyingi za bondeni hadi theluji iyeyuke, kwa hiyo juma lile Delmar alikuwa hana hata muda wa kujikuna. Alhamisi saa tano hivi alimaliza kopo la maganda membamba, akachukua bomba la upepo akapuliza vumbi lote la shaba mezani, fyuu, kama alivyokuwa akipuliza unga wa mbao kiwandani. Kisha akafunga saizi nyingine, ile kubwa inayotumiwa na nusu ya bonde, akarekebisha nati, akapima, akalifungua kopo la Bernadine Hruska, la mwisho la msimu.

Bernadine ni mjane wa Rudy, aliyekuwa mwenzake Delmar kule kiwandani. Ana miaka sitini na tisa, ng'ombe arobaini, na jicho moja. La kushoto lilikwenda alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, waya wa uzio ulipokatika wakati akiukaza. Anaishi peke yake juu kabisa bondeni, na nyama yake huipiga mwenyewe kwa jicho hilo hilo la kulia. Alifika gerejini alasiri na pai ya boga mkononi, akalikuta kopo lake liko tayari.

"Maganda yako hayana unga kabisa," Delmar alimwambia. "Drili imeyagusa tu. Unapiga risasi za kitoto, Bernadine."

"Elki wangu wa mwaka jana hakulalamika."

"Alikufa kwa aibu."

"Alikufa, ndiyo. Wako nasikia siku hizi anaishi Idaho, ana wajukuu."

Delmar alicheka hadi akakohoa. Bernadine alilitikisa kopo, akalisikiliza, akaliweka kwapani. Kupima hakupima. Tangu lini?

Ijumaa alasiri Ione aliingia gerejini na ufagio. Huwa anaukusanya unga wa shaba, anautia kwenye chupa ya kioo dirishani; ukimwuliza wa nini atakuambia ni mzuri kuutazama. Alifagia, akatazama kilichomo kwenye beleshi, akamtazama mumewe.

"We mzee, jana ulifanya kazi au ulilala?"

"Nilifanya kazi. Kwa nini?"

"Huu ni unga wa tangu jana mchana. Hata kijiko haujai."

"Maganda ya Bernadine hayarefuki. Anajaza baruti kidogo."

"Bernadine?" Ione aliuegemea ufagio. "Bernadine anayetia chumvi mara mbili? Huyo ndiye ajaze kidogo?"

Delmar aligeukia meza. Kipimo chake, chenye taya mbili na saa ndogo ya mshale, kilikuwa mezani kilipokuwa jana, nje ya kasha lake. Ione amelisema jambo hilo la kasha mara mia. Delmar alikichukua, akazikutanisha taya zake bila kuweka kitu katikati. Mshale ulipaswa kulala juu ya sifuri. Haukulala hapo. Ulisimama mistari ishirini nyuma yake.

Alizifungua akazifunga tena. Ishirini. Akakipeleka dirishani, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akachungulia kwenye ule mfereji wa meno madogo anamotambaa mshale. Kipande kimoja cha shaba, chembamba kama kope, kilikuwa kimejibana kati ya meno mawili. Kile kikatio cha mkono hakikuwahi kumrushia hata kipande kimoja. Drili ndiyo inayotema, na bomba la upepo ndilo lililokipuliza mle, naye jana asubuhi sifuri aliikagua mapema, kabla ya kupuliza. Baada ya kupuliza hakuikagua. Nati akaifunga kwa kipimo kinachosema uongo, kinacholisoma ganda refu kuwa fupi, na kila ganda la Bernadine alilolipima likamwambia sawa, sawa, sawa.

"Delmar," mkewe alisema. "Kuna nini?"

"Sikukata," alisema. "Maganda yake ishirini. Yamepita mpaka, Ione. Sikukata kitu."

Alikaa kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa inatetemeka yote miwili na hakuwa na cha kuishikisha. Aliliona lile jicho la kulia la Bernadine liko nyuma ya bunduki, karibu kabisa.

Ione alikwisha kupiga simu jikoni. Iliita ikaita. Simu ya Bernadine ni ya kupigia, si ya kupokelea; kila mtu anajua. Aliporudi, Delmar alikuwa amevaa koti na anatafuta kitu rafuni.

"Unatafuta nini?"

"Maganda mapya. Yale ishirini ya kwenye boksi, hayajawahi kupigwa."

"Ya nini?"

"Nimpelekee. Nitamwambia nimeyapata, nimeona nimpe afungulie msimu. Anipe yale ya zamani."

 Ione alimpangusia unga wa shaba begani, akamfunga kifungo cha juu cha koti, kwa sababu vifungo siku hizi vinamshinda. Kisha akasema, "Nenda polepole, barabara ya juu ina barafu," akaingia ndani.

Kutoka kwao hadi kwa Bernadine ni maili kumi na nne, na Delmar aliziendesha zote akiupanga uongo wake. Ulikuwa uongo mzuri. Jicho la mwanamke lingepona, na hapana mtu angejua. Tena si uongo wa kuiba, ni wa kulinda. Kulinda nini? Hapo ndipo pikapu ilipoanza kwenda taratibu bila yeye kutaka. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Kiwanda kimekwenda, masikio yamekwenda, vidole vinaaga. Kilichobaki ni maneno manne yanayosemwa na watu wa bondeni, nayo leo jioni yangeweza kukoma kusemwa. Jina jema hung'aa gizani, wanasema wahenga, lakini hawakusema linavyomwogopesha mwenye kulibeba.

Jua lilikuwa linaelekea mlimani alipoingia uani. Bernadine alikuwa anawatupia ng'ombe nyasi kavu. Alipiga hatua hadi dirishani mwa pikapu, akageuza kichwa kidogo kama kawaida yake, ili jicho zima limpate mtu sawasawa.

"Umepotea, au Ione kakufukuza?"

"Nimekuletea kitu." Delmar alishuka na boksi. "Maganda mapya. Nimeyapata, nikasema ufungulie msimu nayo. Yale ya zamani nipe tu nikayayeyushe."

Bernadine alilitazama boksi, akamtazama yeye.

"Msimu ni kesho alfajiri."

"Ndiyo."

"Yangu nilishayajaza jana usiku, yote ishirini. Haya ni matupu. Nianze sasa hivi kujaza maganda yasiyowahi hata kuiona bunduki yangu, halafu kesho nikapige nayo? Yale yamepigwa mara saba katika bunduki ile, yameshachukua umbo lake, yanaingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Nani anatupa ganda la namna hiyo? Umekunywa, Delmar?"

Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Ilikuwa imeishia hapo hapo penye nyasi za ng'ombe. Asiyejua kazi hii ungeweza kumdanganya. Bernadine hakuwa mtu wa kudanganywa juu ya shaba.

"Yana nini maganda yangu?" aliuliza.

Delmar alilirudisha boksi kwenye kiti cha pikapu. Alimweleza. Alianza na kipande cha shaba, akarudi kwenye bomba la upepo, akaenda kwenye sifuri ambayo hakuikagua, na alipofika kwenye urefu akaonyesha kwa vidole jinsi ulivyozidi, ingawa vidole vilikuwa vinatetemeka na visingeweza kuonyesha kitu chochote kwa mtu yeyote. "Nisamehe," alisema mwishoni. "Si dogo hili. Najua una jicho moja."

 Bernadine alikwenda ndani. Delmar alibaki amesimama na ng'ombe arobaini wakimtazama wakitafuna. Bernadine alirudi na sanduku la risasi na kipimo cha marehemu Rudy, akakaa kwenye ngazi ya varanda, akachukua risasi moja, akalipima ganda lake kutoka kitako hadi mdomoni. Akapima ya pili. Ya tatu. Akalifunga sanduku.

"Nimekasirika, Delmar," alisema taratibu kabisa.

"Una haki."

"Si kwa ajili ya kukosea. Rudy aliwahi kupima mlango wa ghala, akaujenga, trekta isiingie. Tuliishi na trekta nje miaka minne. Kukosea nimekuzoea." Alikigeuza kichwa. "Ulitaka kuondoka hapa na maganda yangu na mimi sijui. Mwakani ningekuja tena na kopo langu kama kipofu. Sijawa kipofu bado."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wasiniletee makopo tena."

Aliyasema hivyo hivyo, mtu mzima na mvi zake, na hakuona aibu, maana aibu yote alikuwa ameshaitumia. Bernadine alikaa na sanduku magotini. Ng'ombe mmoja aliingiza pua kwenye dirisha la pikapu na hakuna aliyemfukuza.

"Kuanzia leo," alisema hatimaye, "kopo lako nitalipima. Kila ganda. Kama ninavyopima la mtu mwingine yeyote."

"Sawa."

"Na nitawaambia wengine wapime."

"Waambie."

"Sasa niambie, kesho napiga kwa risasi gani? Duka la karibu limeshafungwa, na elki hanisubiri mpaka Jumatatu."

 Hilo Delmar hakulifikiria hata kidogo, na lilimuuma upya. Bernadine alikuwa anatazama ndani ya pikapu, nyuma ya kiti, ambapo bunduki ya Delmar ilikuwa imelala tayari kwa kesho, na pembeni yake kisanduku.

"Zile ni saizi yangu?"

"Ni saizi yako. Nilizijaza Agosti, kabla ya haya. Lakini ni zangu, Bernadine."

"Najua ni zako. Nimeuliza za nani?"

"Nimezijaza mimi."

"Nimesikia. Nipe tano."

Delmar alimtazama akidhani anamtania. Baba yake Bernadine alikaa msimu mzima bila nyama badala ya kupiga risasi za shemeji yake, na habari hiyo yeye mwenyewe huisimulia kwa majivuno. Rudy hakuwahi kumpa hata moja, wala yeye hakuwahi kumwomba.

"Unajua nimekosea jana tu," Delmar alisema.

"Najua. Na umeendesha maili kumi na nne juu ya barafu kuja kuniambia. Umeanza kwa uongo, ukamaliza vizuri. Wengine wa bonde hili sijawahi kuwaona wakikosea, sijui wangefanya nini." Alinyosha mkono. "Tano. Moja ya kazi, nne za kutembea nazo."

Delmar alimhesabia tano. Risasi moja ikamponyoka ikaangukia nyasi, na Bernadine ndiye aliyeinama kuiokota. Alizipima zote kwa kipimo cha Rudy, moja moja, hapo hapo mbele yake, bila haraka na bila kuomba radhi. Kisha akazitia mfukoni, akamfukuza ng'ombe dirishani.

Jumamosi Delmar hakwenda kuwinda. Alisema magoti yanauma. Ione alimkaangia mayai, hakula. Akatengeneza kahawa, akainywa yote, akatengeneza nyingine. Aliyajua yaliyomo ndani ya zile risasi tano. Aliijua baruti, aliujua uzito, aliyaona yameandikwa kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe wa Agosti. Alilisoma lile daftari mara sita. Mambo ambayo miaka yote aliyaweka mbele ya uso wake bila kufikiri, leo yalikuwa mbele ya uso wa mtu mwingine, na kila saa ilipopita bila habari alizeeka mwaka.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Ione alimwambia, akimwekea blanketi magotini.

"Koleo si jicho," alijibu.

Saa saba na nusu mchana pikapu ya Bernadine iliingia uani. Delmar alisimama kabla haijazimwa. Mwanamke aliteremka mwenyewe, ameloa hadi mapajani, damu kwenye mikono ya koti, na jicho lake la kulia liko mahali pake, jekundu kwa baridi, linamtafuta mtu. Delmar alishika nguzo ya mlango. Alilia kidogo, na hakujisumbua kuficha.

 Bernadine alimpa Ione mfuko wenye moyo wa elki, akapita moja kwa moja hadi gerejini, akaweka ganda moja tupu juu ya meza, limeungua mdomo.

"Hili lilikuwa lako," alisema. "Sasa limekaa katika bunduki yangu, limechukua umbo lake. Silirudishi. Likate."

"Limepigwa mara mbili tu. Halijarefuka kitu."

"Likate, Delmar."

Alikitoa kipimo kwenye kasha. Alikuwa amekisafisha kwa mswaki meno yote. Alizifunga taya, akamwonyesha mshale, na Bernadine akainama hadi pua ikakaribia kioo, akaangalia kwa jicho lake lile, akasema, "Sifuri." Delmar alilibana ganda kwenye kishikio, akakanyaga swichi, akaushika mpini. Mkono ulitulia. Kikatio kilishuka, kikagusa, kikatoa unga kiasi cha punje ya chumvi, nati ikazuia. Akalisugua mdomo ndani na nje, akampa.

Bernadine alitoa kipimo cha Rudy mfukoni. Alipima ganda lile, akaligeuza, akalipima tena. Delmar alisubiri. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kupima kazi yake gerejini mwake, na alishangaa kuona kwamba haikuuma alivyodhani.

"Liko sawa," Bernadine alisema, akalitia mfukoni. Alifika mlangoni akageuka, kichwa upande. "Mwakani ukijaza zako, nijazie na mimi tano."

Akatoka. Jikoni Ione alikuwa ameanza kukata vitunguu vya ule moyo, na alikuwa anamwita mumewe aje amtolee kikaango cha chini kabisa. Delmar alikipangusa kipimo, akakirudisha kwenye kasha lake, akaenda.